Kuifanya barua pepe ijibu yenyewe: mwongozo kwa mwenye kompyuta moja nyumbani

"Mimi nikilala, nani atajibu imeili?" Swali hili nimeulizwa na fundi cherehani, na muuza vipuri, na shangazi yangu anayeoka keki za harusi. Kila mmoja nimemwelekeza kwa simu, sauti inakatika, mara "nimebofya", mara "imepotea". Safari hii naandika mara moja, ili atakayeuliza kesho nimtumie hii.

Mimi nina vyumba vitano vya wageni hapa Moshi. Wageni wangu wengi ni wapanda mlima, na wapanda mlima huandika usiku. Mtu wa New York akikaa kuandika saa kumi jioni ya kwao, huku kwetu ni saa tano usiku, au saa sita kamili ikiwa kwao ni majira ya baridi. Anaandikia nyumba tatu nne kwa mpigo, na anayemjibu kwanza ndiye anayebaki kichwani mwake. Sina uwezo wa kumlipa mtu wa zamu ya usiku. Nina kompyuta ya mezani iliyozeeka sebuleni, nikaifundisha kupokea wageni.

Huhitaji kuwa mtaalamu. Ukiweza kutuma barua pepe yenye picha, hii utaiweza.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Akaunti ya barua pepe unayoingia mwenyewe, kwa nenosiri unalolijua. Naisisitiza hii kwa sababu nusu ya wanaonipigia, akaunti yao ilifunguliwa na kijana wa duka la steshenari, na nenosiri analo yeye. Ukiwa hivyo, malizana na hilo kwanza.

Simu yenye laini iliyosajiliwa kwenye akaunti hiyo, iwe mkononi. Google inaweza kukutumia namba ya uthibitisho katikati ya kazi.

Anwani ya pili ya kujaribia, ya mke, mume au mtoto. Usijaribu kwa kujiandikia mwenyewe. Nitaeleza mbele kwa nini.

Maneno ya jibu lako, umeshayaandika pembeni, hata kwenye daftari. Ukianza kutunga sentensi huku umefungua mipangilio utaishia kuandika "asante kwa kuwasiliana nasi" na kufunga, na jibu kama hilo halimsaidii mtu.

Na kwa njia ya tatu peke yake (nitaeleza njia tatu hapa chini): kompyuta inayoweza kuachwa ikiwaka, na umeme usiokatika ovyo.

Majina ya vitufe nitayaandika kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye kioo, maana kompyuta zetu nyingi zimewekwa hivyo.

KWANZA JUA JIBU LITATOKEA WAPI

Nadharia ni hii tu, haizidi hapa. Jibu linaweza kutokea sehemu mbili. Moja ni kwenye seva, yaani kompyuta za wenye huduma zinazotunza barua zako, yaani Google, Microsoft na wenzao. Ukishaweka mpangilio, hata kompyuta yako ikizimwa na kufunikwa kitambaa, jibu litakwenda. Ya pili ni programu iliyomo ndani ya kompyuta yako, kama Thunderbird. Hiyo inajibu ikiwa kompyuta inawaka, programu iko wazi na intaneti ipo. Kimoja kikikosekana, kimya.

Katika watu kumi wanaoniuliza, tisa wanahitaji ile ya seva. Wanakuja wakidhani ni lazima kompyuta ikeshe, kumbe haina haja. Kwa hiyo anza na njia ya kwanza. Isipokutosha, nenda ya pili. Ya tatu ni kwa mwenye anwani ya kikoa chake, yaani inayoishia na jina la biashara yake badala ya gmail.com, ambayo mwenye huduma hampi sehemu ya majibu, au mwenye akaunti kadhaa anazotaka kuziendesha kutoka dirisha moja.

NJIA YA KWANZA: JIBU MOJA KWA WATU WOTE, KWENYE GMAIL

1. Fungua Gmail kwenye kivinjari cha kompyuta: Chrome, Firefox, Edge, chochote ulichozoea.

2. Kona ya juu kulia kuna alama ya gia. Ibofye, kisha bofya "See all settings". Ukibofya gia peke yake kitafunguka kidirisha kidogo cha rangi na mapambo, hapo sipo.

3. Utakuwa kwenye "General". Usiguse kitu. Shuka mpaka chini kabisa. Ukurasa ni mrefu, na wengi hukata tamaa katikati wakanipigia kusema kwao hakipo. Kipo, endelea kushuka.

4. Utaona "Vacation responder". Weka alama kwenye "Vacation responder on". Neno ni la likizo, lakini si lazima uwe likizo.

5. "First day" ni siku ya kuanza. Gmail huanza saa sita usiku siku hiyo inapoingia. "Last day" ni ya kumaliza, nayo huisha siku hiyo saa 5:59 usiku. Hiyo ya mwisho inataka uweke tiki kwanza ndipo ikubali tarehe. Ukiiacha wazi, jibu litaendelea mpaka ulizime kwa mkono.

6. "Subject" ni kichwa cha jibu. Andika kitu kinachotambulika: "Tumepokea barua yako – bei za vyumba zipo ndani".

7. Kwenye kisanduku kikubwa bandika maneno uliyoandaa.

8. Chini yake kuna "Only send a response to people in my Contacts". Mfanyabiashara asiweke tiki, maana mteja mpya hayumo kwenye orodha yako. Anayetumia barua pepe kwa ndugu na marafiki tu, aweke.

9. Bofya "Save Changes". Nakwambia tena: bofya "Save Changes". Hili ndilo kosa namba moja, mtu anaandika vizuri, anafunga ukurasa, anakwenda kulala.

10. Rudi kwenye barua zako. Ukiona juu pana ukanda wenye kichwa cha jibu lako na maneno "End now", imeshika. Siku ya kuzima, bofya hapohapo.

Gmail haimjibu mtu kila anapoandika. Ikishamjibu mara moja, inakaa siku 4 kabla ya kumtumia tena jibu lilelile, labda ubadilishe maneno katikati. Barua zilizoangukia kwenye taka (Spam) haizijibu, wala zile za makundi uliyojiunga nayo. Na kama una saini kwenye Gmail, itaongezwa yenyewe chini ya jibu, kwa hiyo usiandike jina na simu mara mbili.

Wenye Outlook.com au Hotmail: ingia kwenye kivinjari, bofya gia, tafuta "Automatic replies", washa, andika, hifadhi. Mambo ni yaleyale.

NJIA YA PILI: MAJIBU TOFAUTI KWA MASWALI TOFAUTI

Njia ya kwanza ina udhaifu mmoja. Inamjibu mgeni anayeuliza chumba, na inamjibu pia mwalimu wa mtoto, na baba mkwe, wote kwa orodha ya bei za vyumba. Baba mkwe wangu alinipigia kuuliza kama sasa akija kunitembelea atalipa.

Dawa ni kiolezo na kichujio. Kiolezo ni jibu lililohifadhiwa. Kichujio ni bawabu anayeangalia barua ikiingia na kuamua ipewe kiolezo kipi.

Tuanze na ujanja mmoja ambao Gmail inao bure. Anwani yako ukiiongezea alama ya kujumlisha na neno kabla ya @, barua bado inakufikia. Yaani mwenye jinalako@gmail.com akiandikiwa kwa jinalako+vyumba@gmail.com, itaingia kwenye kikasha kilekile. Basi hiyo yenye "+vyumba" ndiyo uiweke kwenye kibao, kwenye kadi na kwenye ukurasa wako wa biashara. Ndugu waachie ile ya kawaida. Bawabu wako atajua wageni kwa mlango walioingilia.

Kutengeneza kiolezo:

1. Gia, "See all settings", kisha juu chagua "Advanced". Tafuta "Templates", weka "Enable", shuka, "Save Changes". Gmail itajifungua upya.

2. Bofya "Compose". Sehemu ya "To" iache tupu. Andika kichwa na jibu lote, pamoja na jina lako na simu mwishoni. Hapa usiitegemee saini, andika mwenyewe.

3. Chini ya dirisha hilo kuna nukta tatu. Bofya, "Templates", "Save draft as template", "Save as new template". Kipe jina, mfano "Bei vyumba". Kisha tupa hiyo rasimu. Kiolezo chenyewe kimeshabaki.

Kuweka kichujio:

4. Kwenye kisanduku cha kutafutia juu, mwisho wa mkono wa kulia kuna alama ya vijistari vyenye vitufe. Bofya, litafunguka fomu.

5. Kwenye "To" andika anwani yenye "+vyumba". Kwenye "Has the words" andika hivi, na vistari vyake: -from:noreply -from:no-reply -from:mailer-daemon. Maana yake: barua za mashine usizijibu.

6. Bofya "Create filter", siyo "Search".

7. Weka tiki kwenye "Send template" na uchague "Bei vyumba". Weka tiki pia kwenye "Apply the label" utengeneze lebo, tuseme "Imejibiwa na mashine". Lebo hiyo ndiyo daftari lako la asubuhi, inakuonyesha nani amepata jibu la mashine na bado anangoja la mtu.

8. "Also apply filter to matching conversations" iache wazi. "Never send it to Spam" nayo iache. Ukiiwasha utakuwa unawajibu matapeli kwa heshima zote.

9. Bofya "Create filter" mara ya pili. Kwisha.

Shangazi yangu ana viwili: "+keki" na "+mafunzo", maana anafundisha pia. Kila mlango na jibu lake. Ila usivizidishe. Mtu mmoja aliweka kumi na moja, mwishowe hakujua barua gani imejibiwa na nini.

Zingatia kwamba kichujio hakina ile subira ya siku 4. Kila barua inayopita mlango huo itapata jibu. Lakini ukishamjibu mgeni mwenyewe, anwani atakayoiona ni ile ya kawaida, kwa hiyo mazungumzo yanayofuata bawabu hayagusi.

NJIA YA TATU: KOMPYUTA YA NYUMBANI IJIBU YENYEWE KWA THUNDERBIRD

Thunderbird ni programu ya bure, ipo kwa Windows, Mac na Linux. Ipakue kwenye thunderbird.net, si kwenye ukurasa mwingine wowote utakaokutokea wa kwanza ukitafuta.

1. Isakinishe, ifungue, andika jina, anwani na nenosiri. Kwa akaunti nyingi itatafuta mipangilio yenyewe. Ikikuuliza IMAP au POP3, chagua IMAP, ili barua zibaki kwenye seva na simu yako iendelee kuziona. Kwa Gmail litafunguka dirisha la Google uingie kama kawaida na ukubali. Ikibidi uandike kwa mkono: kupokea ni imap.gmail.com, mlango (port) 993. Kutuma ni smtp.gmail.com, mlango 465.

2. Andika barua mpya. "To" tupu, kichwa na maneno ya jibu ndani. Kisha "File", "Save As", "Template". Menyu ya "File" isipoonekana, bonyeza kitufe cha Alt itatokea. Kiolezo kitakaa kwenye folda ya "Templates".

3. Nenda "Tools", "Message Filters". Juu kabisa, kwenye "Filters for", hakikisha akaunti iliyochaguliwa ndiyo yenyewe. Bofya "New".

4. Kipe jina. Weka tiki kwenye "Getting New Mail", na pembeni yake chagua "Filter after Junk Classification", ili barua taka zitengwe kwanza.

5. Chagua "Match all of the following". Kisha andika masharti, moja kila mstari:
"To", "contains", anwani ya wageni.
"From", "doesn't contain", noreply.
"From", "doesn't contain", no-reply.
"From", "doesn't contain", mailer-daemon.
"From", "doesn't contain", anwani yako wewe mwenyewe.

6. Chini, kwenye vitendo, chagua "Reply with Template" na uonyeshe kiolezo. Bofya alama ya kujumlisha uongeze kitendo cha pili, "Add Star". Nyota hiyo inafanya kazi ya ile lebo ya Gmail.

7. "OK". Hakikisha kwenye orodha kichujio kina tiki ya "Enabled".

8. Fungua mipangilio ya akaunti, "Server Settings". Weka tiki kwenye "Check for new messages at startup" na "Check for new messages every 10 minutes". Dakika kumi zinatosha. Anayetaka dakika moja anachosha kompyuta tu. Mgeni wa New York hajui kama umemjibu kwa dakika moja au kumi.

Sasa kompyuta yenyewe. Kwenye Windows fungua "Settings", "System", kisha sehemu ya umeme, na kwenye muda wa kulala chagua "Never". Kioo kiache kizimike, hakina neno, kizime hata kwa kitufe chake uokoe umeme. Kinachotakiwa kuwa macho ni kompyuta. Laputopu ina mtego wa pili: ukifunga kifuniko inalala, hata kama umeiambia isilale. Iache wazi.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ikawaka, Thunderbird haitafunguka yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, bonyeza Enter. Itafunguka folda, buruta humo njia ya mkato (shortcut) ya Thunderbird. Kuanzia hapo, ukishaingia kwenye kompyuta nayo inafunguka. Kwangu nimeweka UPS ndogo, yaani betri ya akiba, kwa kompyuta na rauta pamoja, maana rauta ikizimika kompyuta inakesha bure. Na LUKU, angalia zimebaki yuniti ngapi kabla ya kulala. Usicheke, imenikuta.

HATARI YA MASHINE MBILI KUSALIMIANA

Mara ya kwanza niliweka kichujio cha Thunderbird kikiwa na sharti moja tu: jibu kila barua. Nikalala. Usiku muuza sabuni ninayenunua kwake akanitumia ankara, naye upande wake amewekewa mashine ya kujibu isiyo na breki kama yangu. Yangu ikasema tumepokea barua yako. Yake ikasema asante, tumepokea barua yako. Yangu ikasema tumepokea. Mnajua sisi Waswahili tunavyosalimiana, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Lakini sisi hufika mahali tukasema haya, tutaonana. Mashine hazisemi tutaonana. Asubuhi nikakuta barua zaidi ya mia moja na hamsini, na ankara yenyewe nikaitafuta kwa robo saa.

Ubaya wake hauishii kwenye uchafu. Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha kutuma barua 500 kwa siku. Ukikifikia, hutumi tena mpaka kikomo kifunguke, na mteja wa kweli anakaa bila jibu.

Ndiyo maana ya masharti yote yale ya "doesn't contain". Ndiyo maana pia sikutaka ujijaribu kwa anwani yako mwenyewe: ama haitajibu kwa kuwa tumeizuia, ukadhani imeharibika, ama itajijibu bila kikomo. Na anwani ya kujaribia isiwe nayo imewekewa jibu la kiotomatiki. Ukiwa na muuzaji au mshirika ambaye unajua ana mashine, ongeza mstari wa kumruka.

MANENO YA JIBU

Hapa ndipo watu hawatumii akili, samahani kusema. Mtu ameuliza bei, unamjibu "ujumbe wako ni muhimu kwetu". Jibu la mashine lina faida likimpa mtu kile alichokuja kutafuta. Langu linakaribia hivi:

"Habari, na karibu. Hili ni jibu linalojituma lenyewe. Mimi mwenye nyumba nitakuandikia kabla ya saa 4:00 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Kwa sasa: chumba cha mtu mmoja ni sh. ..., cha wawili ni sh. ..., chai ya asubuhi imo. Kuingia ni kuanzia saa 8:00 mchana. Kutoka stendi kuu ni mwendo wa dakika kumi kwa bajaji. Ukiwa na haraka, piga au tuma ujumbe kwa namba ..."

Chini yake naweka yaleyale kwa Kiingereza. Na hapo angalia saa! Saa nne asubuhi yetu ni saa kumi kwenye saa ya Mzungu. Nilipoanza nilitafsiri neno kwa neno, nikamwandikia mgeni kwamba mlango uko wazi kuanzia saa "8". Akafika na mabegi saa mbili asubuhi, chumba bado kina mtu. Kwenye sehemu ya Kiingereza ongeza au punguza sita, kisha taja ni asubuhi au mchana, na ni saa za Afrika Mashariki. Huyo aliye mbali hajui mko saa ngapi.

Usiandike kwamba mmesafiri na nyumba haina mtu. Jibu hili linakwenda kwa yeyote atakayeandika, hata yule anayetafuta nyumba isiyo na mtu. "Sitapatikana mpaka Jumatatu" inatosha.

Namba ya kulipia usiiweke. Sote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Mgeni akipata jibu la mashine lenye namba ya kutumia pesa, kabla hajaongea na mtu, ana haki ya kukukimbia. Bei weka, malipo mtaongea.

Usiambatishe picha kubwa. Weka kiungo cha ukurasa wenye picha.

IKIGOMA

Hakuna jibu lolote limekwenda. Kwa Gmail, angalia kama ule ukanda wa juu upo. Haupo, basi hukuhifadhi. Upo lakini uliyemjaribia amekwisha kupata jibu jana, basi ni ile subira ya siku 4. Jaribu na anwani nyingine, au badilisha neno moja kwenye jibu na uhifadhi tena.

Jibu limekwenda, aliyeandika anasema hajaliona. Mwambie aangalie kwenye taka. Herufi kubwa tupu, alama za mshangao nyingi na viungo vitano sita huifanya barua ionekane ya kitapeli. Punguza.

Thunderbird inajibu baadhi na kuruka baadhi. Hili limenisumbua wiki mbili. Sababu ilikuwa simu yangu. Vichujio vya Thunderbird kwenye IMAP vinashika barua ambazo hazijasomwa. Mimi nikiamka usiku nafungua barua kwenye simu, kompyuta ikija kuangalia inaikuta imeshasomwa, inaiacha. Ukishamkabidhi bawabu mlango, usimtangulie. Au ukisoma kwenye simu, jibu mwenyewe palepale.

Majibu yote yametoka kwa mpigo saa moja asubuhi. Kompyuta ililala. Rudi kwenye ile "Never". Kama ni laputopu, uliza nani alifunga kifuniko.

Thunderbird haitumi kabisa, inalalamika nenosiri. Kwa Gmail, nenosiri la kawaida halikubaliwi tena na programu za nje tangu 2022. Fungua mipangilio ya akaunti, kwenye njia ya kuthibitisha chagua "OAuth2", yaani kuingia kupitia dirisha la Google lenyewe, upande wa kupokea na upande wa kutuma pia. Wengi hurekebisha mmoja wakasahau wa pili. Wenye programu ya zamani isiyo na chaguo hilo, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha utengeneze nenosiri la programu. Litakuwa na herufi 16, liandike bila nafasi.

Hujui kichujio kinafanya nini. Kwenye dirisha la "Message Filters" kuna "Filter Log". Iwashe, ngoja barua moja iingie, kisha isome. Itakwambia kichujio gani kimeshika barua gani saa ngapi. Isipoandika chochote, masharti yako hayakulingana. Mara nyingi ni herufi moja kwenye anwani.

Outlook ya kwenye kompyuta haionyeshi "Automatic Replies". Kitufe hicho hutokea kwa akaunti za Microsoft na za ofisi. Akaunti ya IMAP ya kampuni nyingine hakionyeshi, na hutakipata hata ukisakinisha upya. Waulize wanaokutunzia kikoa kama ukurasa wao una sehemu ya "Autoresponder", nyingi zinayo. Ukiipata, itumie hiyo na uachane na kukesha na kompyuta.

Umerudi safari na majibu bado yanakwenda. Uliacha "Last day" bila tiki. Kama uko njiani na huna kompyuta, fungua programu ya Gmail kwenye simu, menyu, "Settings", chagua akaunti yako, shuka mpaka "Vacation responder", zima, na ubofye "Done" kabla hujatoka.